Sahani Namba Kumi na Tisa

Siantar,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Binsar,

Ito, ndugu yangu, pokea salamu zangu, na nakuomba uzipokee kabla hujaikunja karatasi hii. Natumaini inakukuta mzima, macho yako hayaumwi tena na cheche za kuchomelea vyuma, na wifi hajambo pamoja na mtoto. Mama aliniambia mtoto ameota meno mawili ya juu na anamng'ata kila anayempa kidole. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana sijawahi kumwona mtoto huyo, na anayenizuia kumwona ni mimi mwenyewe.

Sisi huku tunaamka na tunalala. Mama goti lake la kushoto linamsumbua wakati wa mvua, lakini ukimwambia akae chini anakuuliza kama wewe ndiye utakayempalilia kahawa yake. Kahawa imezaa vizuri mwaka huu. Kaburi la Baba limeshasakafiwa na kupakwa rangi, Baba Mdogo Manahan aliisimamia kazi ile mpaka mwisho. Paa la jikoni bado linavuja palepale unapopajua, na kila mwaka mtu mmoja huapa kwamba atalitengeneza.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu zangu huzipokei, nami sikulaumu. Hata kama ungepokea, kwenye simu ningepata pa kujificha. Ningesema mtandao mbaya, ningesema nitakupigia baadaye. Karatasi haikatiki. Nakuomba uisome mpaka chini, hata ukiona napiga maneno mengi kabla ya kufika ninapokwenda. Ni woga tu, si kingine.

Unaikumbuka kazi yangu. Ulikuwa ukinitambulisha kwa marafiki zako kwamba huyu ni dada yangu, amesomeshwa miaka mitano ili aangalie uozo. Ulikuwa hukosei sana. Donda la mti linaweza kuletwa na kuvu za aina nyingi, na kwa macho ya kawaida madonda yote ni yale yale: gome limedidimia, limepasuka, chini yake kweusi, linavuja. Kazi yetu ni kusema ni nani hasa aliyefanya. Ukikosea jina, umekosea na dawa, umekosea na mahali ugonjwa ulipotoka. Bi Sulastri, mkuu wetu wa maabara, hupenda kutuambia kwamba sisi ni kama makarani wa kuandikisha watoto: jina likiandikwa vibaya siku ya kwanza, mtu huyo atahangaika maisha yake yote.

Sasa turudi kwenye mwaka ule, ingawa najua hupendi kurudi. Baba alinipigia simu mwezi wa Aprili akisema miti ya ubani ya mteremko wa chini inalia machozi meusi. Nilidhani ni maneno ya mzee. Nilipofika nikaona kweli. Mahali ambapo ubani mweupe ungetoka na kuganda, palitoka maji ya rangi ya kahawa iliyochacha, na majani ya juu yalikuwa yamenyauka yakiwa bado mtini. Nilichukua vipande vya mbao, nikavileta maabara, nikavibana katikati ya vipande vya karoti, nikavifunga chupani. Karoti ni chambo. Kuvu nyingine hazitaki kuota kwenye kitu kingine. Baada ya siku saba zikaota nywele nyeusi, kila moja ina tone dogo kichwani, na chupa ikanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Chini ya hadubini niliona chupa ndogondogo zenye shingo ndefu, na mbegu zake kama zimevaa kofia. Nilijua ni nani. Ni kuvu inayoingia kwa jeraha, na mahali pengi jeraha hilo huletwa na chuma.

Hayo ndiyo niliyoyasema kwenye kikao. Wewe ulikuwepo, lakini wacha niyaandike, maana tangu siku ile nimeyasema peke yangu mara nyingi kuliko sala. Mkeka ulikuwa umetandikwa, Mama ameleta kahawa na viazi vitamu, Baba amekaa ameegemea nguzo, Baba Mdogo Manahan na wazee wengine wawili wamekaa kando yake. Baba akaniuliza, “Haya, mwanangu uliyesoma. Umeletwa na nini ugonjwa huu?”

Nikamwambia, “Na kisu, Baba. Kisu kikitoka mti mgonjwa kwenda mti mzima bila kusafishwa.”

Baba Mdogo akauliza bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia, “Na huko juu anayetembea na kisu ni nani?”

Hapakuwa na haja ya kujibiwa. Tangu Baba aumie mgongo, wewe peke yako ndiye uliyekuwa unapanda miti ile kwa kamba, unakwangua gome, unatoboa, unalala kibandani siku nne hadi tano ukila wali baridi. Ulisema, “Mimi kisu changu nakipitisha motoni, Baba. Kila mti.”

Baba akasema, “Na bado imekufa.” Halafu akasema lile neno jingine, kwamba amekupa miti iliyomsomesha dada yako, nawe umeifanya kuni.

Uliweka kikombe chini. Ulinitazama, Ito. Sikuinua uso.

Tulikata miti arobaini na mmoja. Uliikata wewe na Baba Mdogo, mkaichoma pale pale, nami nikasimama kando na kalamu nikihesabu. Moshi wake ulinukia kama kanisa la wageni, na Mama aliingia ndani akafunga madirisha. Wiki iliyofuata Baba alimkabidhi Baba Mdogo mteremko wote, wa chini na wa juu. Wewe ulining'iniza kamba yako ukutani, ukapanda basi la Dumai, na kutoka huko ukavuka bahari kwenda Batam. Hukuniaga. Na mwaka mmoja na nusu baadaye Baba alipofariki, ulifika umevaa suti ya kuazima, ukasimama nyuma ya wajomba, na hotuba ambayo husomwa na mtoto wa kwanza akaisoma Baba Mdogo. Ndani ya hotuba ile lilikuwamo neno moja kuhusu mali inayojengwa na mzee na kubomolewa na kijana. Watu waliitikia. Mimi nilikuwa nimemshika Mama mkono, nikaitikia nao.

Sasa nakuambia nilichokuja kukuambia.

Mwaka mmoja kabla ya machozi yale meusi, mwezi wa Machi, nilikuja nyumbani na pikipiki ya ofisi. Asubuhi ya siku ile nilikuwa kwenye mikaratusi ya kampuni, ng'ambo ya mto, ambako miti ilikuwa inakufa kwa madonda. Nilichonga sampuli kwenye miti sita. Mchana nikaona kwa kuwa nimefika karibu, nije nichukue na vipande vya miti mizima ya kulinganisha. Wewe ulinibebea mfuko. Tulipanda mteremko tukifanyiana masihara, ulikuwa unaniuliza kama wanaume wa Siantar ni vipofu mpaka sasa. Ulikuwa umewasha moto mdogo pale kibandani. Ulipitisha kisu chako kama kawaida yako, kisha ukaninyooshea mkono, ukasema, “Lete na hicho chako nikipitishe.”

Nikakujibu, “Hiki ni cha maabara, Ito. Kisafi kuliko mikono yako.”

Ukacheka, ukasema, “Haya, msomi.”

Nilichonga miti mitatu. Nilikata vidirisha vya ukubwa wa kiberiti, usawa wa kiuno, kwenye gome zima lisilo na kasoro. Na kisu kile hakikuwa kisafi. Chupa yangu ya spiriti iliishia kule kwenye mikaratusi. Sisemi kwa kukisia, imeandikwa kwenye daftari langu la safari kwa mkono wangu: “Saa nne asubuhi, spiriti imeisha.” Chini yake nimeandika “Baba 1, Baba 2, Baba 3.”

Ugonjwa ulianzia kwenye miti hiyo mitatu. Niliporudi Aprili nilikwenda moja kwa moja kuitazama, kabla ya mti mwingine wowote, kwa hiyo huwezi kusema sikushuku. Moyo wa kila donda ulikuwa kidirisha changu. Baba Mdogo alivigusa vile vidirisha akauliza kwa nini ni vya mraba, na Baba akasema labda Binsar alikuwa anajaribu ugemaji mpya. Wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji. Mimi nilikuwa hapo, nikajidai natafuta penseli.

Nilikuwa na visingizio vyangu. Nilijiambia kuvu ile inaweza kuletwa na wadudu, au mvua ya upepo, na mto si mpana. Nilijiambia hakuna mwenye hakika. Lakini hakika inapatikana, na wenye kazi ya kuipata ni sisi. Unachukua kuvu ya hapa na kuvu ya pale, unaziotesha kwenye sahani moja ya kioo, moja upande huu, nyingine upande ule. Zinatambaa zinaelekeana. Zikiwa ni wageni kwa wageni, zikikutana hupiga mstari mweusi katikati, hakuna anayevuka. Zikiwa ni ndugu wa tumbo moja, huingiliana mpaka huoni ilipoanzia hii na ilipoishia ile.

Wiki moja baada ya wewe kuondoka, niliweka kuvu ya mikaratusi na kuvu ya mteremko wetu kwenye sahani namba kumi na tisa. Nilingoja siku nane. Hapakuwa na mstari.

Niliitazama mpaka watu wote wakaenda kula. Halafu niliichemsha, nikaiosha, nikairudisha kabatini. Kwenye rejista, pale panapoandikwa uainishaji wa sampuli za mteremko wa Baba, niliandika: “Jamii ile ile, aina nyingine, haijatambulika, haihusiani na ya mikaratusi.” Nilisaini. Ito, nimeandika ripoti nyingi maishani, na mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri kama siku ile.

Najua wewe ulijua. Kama hukujua, ulishuku. Ulikuwepo, ulikiona kisu, ulininyooshea mkono ukaurudisha mtupu. Siku ya kikao ungeweza kusema, “Muulizeni huyu msomi, kisu chake alikipitisha wapi?” Usingeongeza neno. Hukusema. Nimejiuliza kwa miaka mitatu kwa nini, na nadhani ulikuwa unaningoja niseme mwenyewe. Nami nikaiona kahawa ni nzuri ya kutazamwa.

Yaliyonifumbua kinywa si wema wangu, nisikudanganye tena. Miezi miwili iliyopita Bi Sulastri alitaka tupange upya kuvu zote za madonda zilizomo kwenye friji yetu, aina kwa aina, ili ziandikwe kitabu kimoja. Ana desturi ya kurudia kazi za watu bila kuwaambia. Aliniita mezani kwake, akanionyesha mstari wangu kwenye rejista, akaniuliza kwa sauti yake ile ya chini, “Rotua, hii uliipima au uliikadiria?”

Nikasema niliipima.

“Mbona umeandika ni aina nyingine?”

Nikaanza kumweleza habari za rangi na kasi ya kuota, maneno ya kitaalamu yasiyo na kichwa wala miguu. Aliniacha nimalize. Akasema, “Nenda ukanywe maji, halafu urudi uniambie ukweli. Mimi nimeipima juzi.”

Nilikwenda, nikanywa maji, nikarudi, nikamwambia. Nilimweleza mpaka habari ya mkono wako ulionyooshwa. Hakunigombeza. Alitoa faili nyingine, akaniuliza kama namjua mama mmoja anayeitwa Nai Hotma. Namjua, na wewe unamjua, yule mjane wa nyuma ya kisima, aliyekuwa akikupa maembe mabichi na chumvi. Kumbe mwaka jana vijana wa ofisi yetu walitoka kwenye mikaratusi wakaenda kupima mteremko wake siku hiyo hiyo. Walikuwa wameuliza kwanza kama kuna hatari. Wakafunguliwa rejista, wakaonyeshwa kwamba kuvu ya huku haihusiani na ya kule. Wakapita. Nai Hotma amepoteza miti kumi na saba.

Kwa hiyo si wewe peke yako uliyekula uongo wangu.

Rejista imerekebishwa na sababu imeandikwa, pamoja na jina langu. Barua imepelekwa vijijini kote kwamba mtu asiruhusu kisu kivuke mto bila moto au spiriti, awe amevaa koti jeupe au hakuvaa. Mimi nimeondolewa kwenye kazi ya nje; naosha vyombo vya maabara na kubandika lebo mpaka wakubwa watakapoamua. Sikuambii haya ili unionee huruma. Vyombo vinahitaji kuoshwa.

Nilikwenda kwa Nai Hotma kwanza, kwa sababu sikumwogopa kama nilivyomwogopa Mama. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Nilipomaliza akauliza, “Na iliyobaki nayo itakufa?” Nikamwambia si lazima, nikamwonyesha ipi ya kukatwa na ipi ya kuachwa. Tulikata pamoja siku mbili, mimi na yeye na shoka moja. Hakusema nami neno ila “vuta” na “acha.”

Kisha nikaenda nyumbani. Baba Mdogo alikuwepo, anamsaidia Mama kuanika kahawa. Niliwaambia wote wawili pale uani, nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitazunguka. Baba Mdogo alikaa juu ya gunia. Akasema, “Nilisema maneno yale mbele ya jeneza.” Aliyarudia mara mbili, akavaa kofia yake, akaenda. Kesho yake alirudi na karatasi za mteremko akazitia mkononi mwa Mama, akasema yeye hajui tena kuzishika.

Mama, kwa upande wake, aliendelea kugeuza kahawa mpaka nilipodhani hakusikia. Mwishowe akasema, “Baba yenu alikufa anamwita Binsar. Usiku wa mwisho. Nikamwambia amelala chumba cha pili, maana ningemwambia nini?” Nikaanza kulia, nikataka kumshika miguu. Akaisogeza. Akasema, “Usinililie mimi. Sikulishwa mimi lawama. Mwambie aliyelishwa.”

Nilijua Baba alikuwa mgonjwa, lakini hilo la kukuita sikulijua. Nimelifikiria kama nilifiche ili lisikuumize, nikaona nimeficha ya kutosha. Alikuita, Ito. Alikuwa hajakasirika tena, au alikuwa amesahau kwamba amekasirika. Na ungekuwa chumba cha pili kweli kama mimi ningeinua uso siku ile ya kikao. Hiyo siwezi kuirekebisha kwenye rejista yoyote.

Sikuombi urudi. Una kazi, una mke na mtoto huko, na umejenga maisha kwa mikono yako bila msaada wa mtu wa nyumbani. Nakujulisha tu jinsi mambo yalivyo. Mteremko wa juu ni mzima, miti mia moja na kumi na miwili, nimeikagua mmoja mmoja bila kuigusa. Haijagemwa tangu Baba afariki. Baba Mdogo amezeeka, hawezi tena kupanda miti, na vijana wake hawataki. Karatasi zipo sandukuni kwa Mama, na Mama amesema hazitoki mpaka wewe useme neno, liwe la kuja au la kuuza au la kuiacha iote yenyewe. Lolote utakalosema, hakuna wa kukujadili.

Nimeweka ndani ya bahasha ukurasa wa daftari langu wa ile siku ya Machi, ule ule wenyewe, na nakala ya ripoti mpya yenye muhuri. Nilisikia kwamba baba mkwe wako alisita kukupa binti yake kwa sababu habari za miti zilikutangulia Batam. Muonyeshe. Muonyeshe yeyote unayetaka, na jina langu usilifunike.

Sikuandika kwamba nakuomba msamaha mpaka nimefika hapa, kwa sababu nilihofia ukiliona neno hilo juu utadhani nimekuja kuchukua kitu. Nakuomba. Usiponipa, barua hii haibadiliki, na kila nilichokieleza kitabaki kuwa kweli.

Tangu siku ile uani, Mama ananipigia kila Jumapili. Haniulizi nimekula nini wala hali yangu. Ananiuliza, “Umemwandikia?” Namjibu bado, naye anakata. Nimejibu bado mara sita. Leo simu imelia nikiwa katikati ya ukurasa wa tatu, nikaiacha ilie. Ninatia bahasha gundi sasa, naipeleka kwenye basi la Dumai linaloondoka saa kumi, na nikishaona dereva ameitia sandukuni, nitampigia mimi.

Msalimie sana wifi, na umbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake, ambaye anamfumia shuka na anasema ni la kahawia ingawa sote tunaona ni jekundu. Majirani wa pale kisimani wanakusalimu. Baba Mdogo anakusalimu. Alitaka kuongeza neno, akashindwa, akasema nikuandikie hivyo hivyo kwamba alishindwa.

Uwe mzima.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,

Rotua